Kufungua Duka ni Kazi ya Siku Moja

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mlio makambini na katika vituo vya polisi, pamoja na akina mama mnaotunza nyumba zenu, nimeona vema nizungumze nanyi juu ya fedha za mafao na biashara zinazofunguliwa kwa fedha hizo. Ni jambo ambalo hapa kwetu Kabeza husemwa kila jioni, wakati mwingine kwa furaha na wakati mwingine kwa sauti ya chini.

Kabeza imo katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Jirani yetu ni uwanja wa ndege, na mbele kidogo ipo kambi ya Kanombe na hospitali ya jeshi. Si ajabu basi kwamba mtaani humu huwezi kutembea mbali pasipo kukutana na mtu aliyevaa sare au aliyepata kuivaa. Mume wangu aliivaa kwa miaka 22. Mimi nilizaliwa Karagwe, nchini Tanzania, katika jamaa za wakimbizi, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu tangu utotoni. (Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi hapa Rwanda, ingawa wateja wangu bado hubishana bei kwa Kinyarwanda.) Kazi yangu ni ushonaji, ninazo cherehani mbili.

Hivi karibuni alinijia rafiki wa mume wangu, waliyetumikia kikosi kimoja, ambaye amestaafu. Akaniambia, "Shemeji, wewe unaijua biashara. Zungumza na mwenzako atie sahihi."

Nikamwuliza, "Atie sahihi wapi, shemeji?"

"Katika karatasi za benki. Nyumba inawekwa rehani, duka la saruji na mabati lifunguliwe. Kampuni nimekwisha kuiandikisha. Siku moja tu, shemeji! Siku moja!"

Alikuwa na haki ya kujivuna, nami sitamnyima. Sisi tuliofanya biashara miaka ya nyuma twakumbuka jinsi mtu alivyozunguka na bahasha kutoka mlango hadi mlango. Mwaka 2008 Serikali iliunganisha ofisi kadhaa na kuunda Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, ambayo wengi huiita RDB, ili mwenye kutaka kufungua biashara akute shughuli nyingi mahali pamoja. Sheria mpya ya makampuni ikafuata mwaka 2009. Leo kampuni huandikishwa kwa njia ya mtandao. Benki ya Dunia, iliyokuwa ikizipanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, iliitoa Rwanda nafasi ya 143 na kuipandisha hadi ya 67 katika mwaka mmoja tu, na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2018 ikaiweka nafasi ya 29, ya pili barani Afrika baada ya Mauritius. Katika taarifa ya mwisho, Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56, Uganda ya 116 na Tanzania ya 141.

Taarifa hizo zilikomeshwa mwaka 2021, baada ya kugunduliwa kwamba takwimu za baadhi ya nchi zilikuwa zimechezewa. Rwanda haikuwa miongoni mwa nchi hizo. Lakini lipo jambo jingine ambalo shemeji yangu hakulijua. Kampuni iliyokuwa ikipimwa ilikuwa ya kufikirika, yenye wafanyakazi kati ya 10 na 50, katika jiji kubwa la biashara la nchi. Katika soko letu la Kabeza simjui mwenye wafanyakazi kumi. Muuza nyanya anaye binti yake, nami ninaye msichana mmoja wa kuweka vifungo. Kipimo kile kilitufaa kwa kiasi, kwa kuwa njia iliyosafishwa kwa ajili ya mkubwa hata mdogo huipita. Ila hakikutuambia duka dogo litaishi muda gani.

Nilikwenda kumwona huyo mke mwenziwe. Nilimkuta akipepeta mchele, na karatasi za benki zimelala juu ya kabati, chini ya Biblia. Hakuwa na hasira. Alisema, "Dada, nyumba hii jina langu limo." Na kweli limo. Kati ya mwaka 2009 na 2013 ardhi ya nchi hii ilipimwa na kuandikishwa, viwanja zaidi ya milioni 10, na wanandoa waliofunga ndoa kwa sheria wakaandikwa wote wawili katika hati. Nyumba ya namna hiyo haiwekwi rehani kwa sahihi ya mume peke yake. Wapo wanaume wanaolalamika kwamba sharti hilo huchelewesha biashara. Mimi naliona kuwa sehemu ya mazingira bora ya biashara, sawa na barabara ya lami na umeme, kwa sababu hulazimisha hesabu ifanywe mezani kabla fedha hazijatoka.

Basi tukaifanya hesabu hiyo, yeye na mimi, nyuma ya daftari la mtoto wa shule.

Mabenki yetu kwa miaka mingi yametoza riba isiyo mbali na asilimia 16 kwa mwaka. Mkopo wa faranga milioni 10 kwa riba hiyo huzaa deni la faranga 1,600,000 mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya 130,000 kila mwezi, kabla hujarudisha hata faranga moja ya mkopo wenyewe na kabla ya kodi ya pango.

Ipo pia kodi ya Serikali. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2018 iliwapangia wafanyabiashara wadogo viwango vyepesi kueleweka: aliyeuza kati ya milioni 4 na 7 kwa mwaka alipe 120,000, na aliyeuza kati ya milioni 12 na 20 alipe asilimia 3 ya mauzo. Wepesi wake ni neema. Lakini tazameni vizuri: ni asilimia ya mauzo, wala si ya faida. Mimi nikishona gauni, sehemu kubwa ya bei ni jasho langu. Muuza saruji hununua ghali na kuongeza kidogo. Akiuza kwa milioni 15 na faida yake ikawa asilimia 8, amepata 1,200,000. Asilimia 3 ya mauzo ni 450,000. Zaidi ya theluthi ya faida imekwenda. Sheria hiyo ilimruhusu mwenye kuweka vitabu vya hesabu achague kutozwa kwa faida, lakini vitabu huhitaji mtu wa kuviandika, naye hula mshahara. Kama ningeulizwa ni wapi pa kurekebisha ili wadogo wakue, ningeonyesha hapo kabla ya kuonyesha dirisha la kuandikishia makampuni.

Juu ya risiti za mashine, zilizoanza kutumika mwaka 2013, nina neno fupi kwa akina mama. Wengi tulizichukia. Tangu mwaka 2024 mnunuzi anayedai risiti yenye namba yake hurudishiwa asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa. Jirani zangu waliokuwa wakizikimbia risiti sasa huzidai kwa ukali!

Nilimwuliza shemeji kwa nini hakwenda kwanza Zigama, chombo cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi, ambacho baadaye kiliwapokea polisi na askari magereza. Jina lake kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba! Alinijibu kwamba huko angeanza na mkopo mdogo, naye hataki kuanza na duka dogo, watu wasije wakamcheka. Kwa heshima yote niliyo nayo kwa mtu aliyelala porini kwa ajili ya nchi, jibu hilo halikunipendeza. Cherehani yangu ya pili niliinunua kwa mkopo wa SACCO ya sekta, nikaiweka rehani ile ya kwanza. Sheria ya mwaka 2009 iliwezesha mali inayohamishika kuwa dhamana. Kama ningeshindwa kulipa, ningepoteza cherehani, na watoto wangeendelea kulala chini ya paa lilelile.

Lipo na suala la wateja, ambalo haliandikishwi katika ofisi yoyote. Jiji la Kigali lilipowaondoa wachuuzi barabarani, liliwajengea baadhi yao masoko madogo na kuwapa nafuu ya kodi mwanzoni. Vibanda vilikuwa safi na vibali vilikuwapo. Hata hivyo wengine walirudi barabarani na vikapu vyao, kwani wanunuzi hawakuwa wakipita kule vibandani. Nasi wa Kabeza tunalo la kutafakari. Uwanja mpya wa ndege ulianza kujengwa Bugesera mwaka 2017. Siku safari za abiria zitakapohamia huko, je, anayekodi chumba hapa, anayekula hapa na anayejenga hapa atabaki? Kambi ipo na hospitali ipo, kwa hiyo sidhani kama mtaa utakufa. Lakini mtu anayetaka kulipa deni la saruji kwa miaka saba yampasa aitazame ramani yote.

Mke mwenziwe hakukataa moja kwa moja. Alimpa mumewe daftari lile na kumwambia, "Baba, wewe ulikuwa mtu wa doria. Kaa karibu na maduka mawili ya saruji yaliyopo barabarani kwa siku 14, uandike ni mifuko mingapi inatoka kila siku na kwa bei gani. Ukimaliza, leta kalamu hiyohiyo."

Alinung'unika siku nzima, kisha akaenda. Hadi ninapoandika haya amekwisha kuhesabu siku 9. Jana alipita kwangu, akaketi, akaomba maji. Akaniambia kwamba siku za mvua haitoki hata mifuko mitano, na kwamba mwenye duka mojawapo amemdokeza kuwa anatafuta mbia.