Kila Mtu

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema kila mtu ana haki ya huduma bora ya afya, na hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kila mtu. Walioiandika walilijua neno raia, maana wamelitumia kifungu cha 12. Hapa walichagua mtu.

Juni 2021, Delta ilipotuvamia, Kisumu na kaunti nyingine 12 za magharibi ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni. Pale Kondele watu walifunga vibanda mbiombio wakilaani serikali. Mama mmoja Mkongo, jirani yetu muuza vitenge, alikuwa amefunga tangu mchana. Nikamuuliza mbona mapema hivyo.

"Ninyi mukikamatwa, mutalala ndani usiku moja tu, mtoto yangu. Mimi bataniuliza juu ya nini siko mu kampi."

Alikuwa na hoja. Kenya iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka wa 1966, lakini kwa miaka mingi sera yetu imekuwa moja: mkimbizi akae Dadaab au Kakuma. Aprili 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka kambi hizo mbili. Sawa, hata Nairobi ilifungwa. Ila Nairobi ilifunguliwa Julai, na kule kambini, korona iwepo isiwepo, hutoki bila karatasi ya ruhusa. Kisha Machi 2021, wimbi la tatu likiwa limepamba moto, UNHCR ikapewa siku 14 ieleze kambi zitafungwaje. Mahakama Kuu ndiyo iliyosimamisha mambo. Ni mahakama hiyohiyo iliyokuwa imezuia, mwaka wa 2013, wakimbizi wa mijini wasisombwe kupelekwa kambini. Majaji wetu wamefanya kazi, tuseme ukweli.

Lakini jaji hakai kwenye dirisha la zahanati. Chanjo ilipofika mtaani nilimsindikiza mama. Karani, kijana rika langu, aliigeuzageuza karatasi yake ya ukimbizi kama noti bandia.

"Hii system haiwezi kubali. Aende huko kwao."

Nikamtajia kifungu cha 43. Akacheka, akaita anayefuata.

Tulirudi Alhamisi. Zamu ilikuwa ya nesi mwingine, mama mtu mzima. Hakuuliza kuhusu Katiba wala kambi. Alichukua kalamu, akaandika jina la mama kwenye daftari, kisha akamwambia akunje mkono wa blauzi.