Sare ya banda ilimsahau mkwe

Familia hii ya Mbagala ilizoea kwenda Sabasaba kama watu wengine: kukata tiketi, kuzunguka, kula chipsi na kurudi nyumbani na beseni la plastiki. Mwaka walioamua kwenda kuuza, mama alikopa kwenye kikundi chake cha VICOBA ili walipie banda. Biashara yao ni viungo: mdalasini, iliki, pilipili manga, masala ya chai na ya pilau, wanavyosaga na kufungasha wenyewe.

Bandani walikuwa watano: baba, mama, kijana wao, dada yake na mkwe. Mkwe ndiye anayezijua bidhaa kuliko wote, maana ndiye anayekaanga, anayesaga na anayepima. Wote watano walivaa nguo zao nzuri za kutokea. Tatizo ni kwamba wateja nao walikuja na nguo zao nzuri za kutokea.

Aliyewahi kufika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, tarehe 7 Julai anaujua msongamano wake. Banda dogo likiingia watu kumi, muuzaji na mnunuzi hawatofautiani. Wateja walishika pakiti, wakatazama huku na huku wakimtafuta wa kumwuliza bei, kisha wakairudisha mezani na kwenda banda la jirani. Vitambulisho vya shingoni havikusaidia. Kamba ni ndefu, kadi inaning'inia tumboni na mara nyingi imegeuka upande usio na jina.

Mchana, mteja mmoja alimpa noti ya 10,000 kijana aliyekuwa ameegemea meza, akidhani ndiye muuzaji. Kijana akaipokea, akasema asante, akapotelea kwenye umati.

Aliyekuwa zamu upande ule ni mkwe. Usiku ule chakula hakikulika.

"Hiyo ni fedha ya kikundi," mama alisema. "Jumamosi ni marejesho. Nitawaambia nini wenzangu?"

"Nisamehe, mama," mkwe alijibu, macho chini.

Binti ndiye aliyeleta wazo. Kwenye harusi ya kaka yake, alisema, hakuna mgeni aliyeuliza wenye shughuli ni kina nani. Upande wa bwana harusi wote walivaa kitenge kimoja cha rangi ya chungwa, na hata asiyemjua mtu alijua pa kuomba maji. Basi kesho yake wakavitoa kabatini: baba na kijana mashati, mama na binti magauni.

Hali ilibadilika siku hiyohiyo. Watu waliingia na kwenda moja kwa moja kwa mwenye kitenge. Isipokuwa kwa mkwe. Siku ile ya harusi yeye alikuwa bibi harusi, hivyo sare hakushonewa, na asubuhi ile hakuna aliyelikumbuka hilo. Alisimama na blauzi yake nyeupe na wateja wakampita. Mmoja alimwambia, "Samahani dada, sogea kidogo tuhudumiwe." Mwingine aliuliza masala ya chai yana nini ambacho ya pilau hayana. Mkwe alipoanza kueleza, mteja akamgeukia binti mwenye kitenge apate uhakika. Binti hakujua. Ilibidi amwulize wifi yake.

Baba aliyaona yote hayo. Jioni wakifunga banda alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mama watoto, huyu mtoto wa watu leo tumemweka nje ya nyumba."

Mama hakujibu neno. Lakini walipofika nyumbani alichukua gauni lake la harusi ile, lenye marinda mapana, akampelekea fundi wa mtaani kabla hajafunga. Likatoka aproni mbili na vilemba viwili. Asubuhi akampa mkwe seti moja.

"Vaa, mwanangu. Na usimame mbele, wewe ndiye unayejua."

Siku zilizobaki walirekebisha na mengine. Kitambaa cha meza nacho kilikuwa cha chungwa, na mhudumu akisimama karibu nacho alimezwa, wakatandika cheupe. Majina waliyaandika kwa herufi kubwa na kuyabana kifuani, mahali jicho linapofika kwanza. Fedha ikawa inapokelewa na mtu mmoja tu, mwenye kofia nyekundu, na kila mteja aliambiwa hivyo kabla ya kufungua pochi. Aliyekwenda kula alivua aproni au kuvaa koti juu ya kitenge, asije akasimamishwa njiani na mteja huku mdomo umejaa.

Ile noti haikurudi. Mama aliifidia kwa fedha yake ya vocha na nauli, na Jumamosi akapeleka marejesho kamili. Kwa mkwe hakuitaja tena.

Mwaka uliofuata, hata kabla ya kulipia banda, alikwenda Kariakoo kununua kitenge kipya cha wote watano. Fundi alipokuja nyumbani kuchukua vipimo, aliyeitwa kwanza kupimwa ni mkwe.