Dalili za Maji Jipe

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mimi, msomaji wangu, nililelewa Voi, na huko usemi huo hautiliwi shaka na mtu. Mkulima wa kwetu huinua macho mbinguni asubuhi na jioni, akitafuta wingu kama mdeni atafutavyo senti ya mwisho mfukoni. Mvua tunazozitumainia zaidi ni za vuli, zianzazo Oktoba au Novemba. Masika huja kwa kusitasita, na miaka mingine hutupita kabisa. Basi nilipokwenda Ziwa Jipe kwa mara ya kwanza, mwezi wa Aprili, nilikwenda na elimu yangu ya mawingu, nikidhani kuwa yatosha.

Ziwa hilo liko kusini ya mji wa Taveta, nasi twaligawana na jirani zetu wa Tanzania, maana mpaka hupita katikati ya maji. Ukisimama ufuoni upande wa Kenya, milima ya Upare huwa mbele yako ng'ambo ya ziwa, mbuga ya Tsavo Magharibi nyuma yako, na upande wa kaskazini-magharibi, kukiwa kweupe, Kilimanjaro na vilele vyake viwili, Kibo na Mawenzi. Ziwa si la kina. Mahali pengi mtu hashuki mita 3 kabla ya kugusa tope, na ufuo wake ni tambarare kama sinia. Maji yakipanda kiasi cha shubiri moja tu, huweza kutembea mbali sana juu ya nchi kavu.

Nawe utauliza, maji hayo hutoka wapi? Vijito vingine huteremka kutoka Upare, lakini mto mkuu ni Lumi, uanzao katika miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ukapita Taveta na kumwagika ziwani. Kutoka ziwani maji hufuata Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani, mpaka Bahari ya Hindi. Huko mlimani masika hayasitisiti kama kwetu. Mvua inyeshayo juu ya migomba ya watu usiowajua ndiyo ikujazayo maji miguuni, nawe mbingu yako ni kavu. Jambo hili lilinishinda kulifahamu mpaka liliponilowesha.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mvuvi, rafiki wa marehemu baba yangu. Alinipokea kama mwanawe, na kesho yake akanichukua kutembea. Nimesoma katika vitabu jinsi watu wa Ulaya washangiliavyo majira yao ya machipuko, baridi inapokwisha na miti kuvaa majani. Sisi hatuna majira hayo, lakini siku ile niliona kitu kilichofanana nayo: migunga iliyokuwa mikavu imetoa majani mororo, na korongo weupe wakipita juu kwa makundi kuelekea kaskazini, labda kuyawahi machipuko hayo hayo ya vitabuni. Nilisimama kuwatazama. Mzee hakuwatazama. Aliinama kando ya mto, akateka maji kwa kiganja, akanionyesha. Yalikuwa mekundu kama chai iliyokolea. Vipande vya migomba vilipita vikielea, na mzee akasema kuwa vimetoka juu.

Nyumbani alinionyesha sisimizi waliokuwa wakipanda nguzo ya nyumba, kila mmoja amebeba yai lake jeupe. Kilimanjaro sikukiona kabisa, kwa kuwa upande ule wote ulikuwa umezibwa na giza la mawingu. Nilimsikiliza kwa adabu, na moyoni nikayahesabu maneno yake kuwa ngano za wazee.

Jioni alikwenda kuvuta mtumbwi wake mbali na ufuo, pamoja na wavuvi wengine. Alipokuwa akitoka alinigeukia, akasema, "Mwanangu, gunia lile la mbegu lipandishe uchagani kabla hujalala. Leo ni siku ya nne mlima haujaonekana."

"Vema, baba," nikajibu.

Gunia lilikuwa mahindi ya mbegu ya nyumba nzima. Lilikuwa zito, nami nimechoka. Nilitoka nje, nikatazama juu. Nyota zilikuwa zimetapakaa, hapana wingu hata la kufunika mwezi. Nikaliacha gunia sakafuni, nikalala.

Usidhani, msomaji, kuwa mafuriko ya ziwa huja kwa kishindo. Niliamshwa na ubaridi mgongoni. Nilipopapasa sakafu nilikuta maji, yametulia kimya kama mgeni aliyeingia bila hodi. Huko nje vyura walikuwa wakilia mahali palipokuwa uwanja wa kuku.

Mzee hakunikemea, na afadhali angalinikemea. Aliniambia tu kuwa mwaka 1961 maji yalikuwa makubwa zaidi. Baadaye nilisoma kuwa mvua za mwaka ule zilijaza hata Ziwa Viktoria. Mama mwenye nyumba alilitazama gunia, akanitazama mimi, akaenda kuwasha moto mahali pa juu.

Siku ya nne alilifungua. Harufu ya kuoza ilitoka kwanza. Lakini chini yake, katikati ya gunia, mbegu zilikuwa zimechipua gizani, vimea vyeupe vimesokotana kama nyuzi. Alizichambua moja moja kwa vidole, nzima huku, mbovu kule. Karibu nusu zilitupwa. Zilizopona hazingengoja, kwa hiyo tulizibeba juu ya sinia hadi shamba la mwinuko, tukazipanda kutwa kucha mpaka jua likazama nyuma ya milima ya Upare.

Mzee akaja na kambare wawili, aliowakamata katika nyasi zilizofunikwa na maji, ambako samaki hao hupanda kutaga mayai. Akatembea kando ya mistari yetu akiihesabu. Kisha akaniuliza mbegu kavu zilizosalia nyumbani ni kiasi gani. Nikamwambia kuwa hazijazi kibaba.

"Hizo," akasema, "zipandishe uchagani."