Joto Likitolewa Ndani Hupelekwa Wapi?

Kama wewe ni mkazi wa Dar es Salaam, sina haja ya kukusimulia mwezi wa Februari. Kaskazi imechoka kuvuma, masika bado yako mbali, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku, wakati mtu anapotarajia nafuu, kuta za nyumba huanza kurudisha joto ambalo zimelimeza tangu asubuhi. Mtoto hugaagaa kitandani. Mtu mzima hukaa nje mpaka usiku wa manane. Hapo ndipo katika nyumba nyingi za wafanyakazi, zenye akiba ndogo, huzuka mazungumzo yale yale: tununue kiyoyozi, ama tusinunue?

Kwetu Upanga mazungumzo hayo yalizuka Februari 2025. Mama yangu alikuwa ameteremka kutoka Lushoto kuja kutibiwa shinikizo la damu, naye alitakiwa akae nasi miezi mitatu. Lushoto, msomaji, ni mahali ambapo mtu hulala na blanketi. Usiku wake wa nne hapa mjini nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, anajipepea kwa ncha ya khanga.

“Nafuata ubaridi wa saruji, mwanangu,” aliniambia. “Wewe kalale, kesho una kazi.”

Daktari alikwisha tuonya. Mwili wa mzee haupoi upesi kama wa kijana, na joto likizidi moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada. Asubuhi yake nilichukua fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya ada ya shule, nikavuka Barabara ya Morogoro pale Faya, nikaingia Kariakoo.

Muuzaji wa kwanza hakuniuliza ukubwa wa chumba. Alinionyesha mashine ya BTU 18,000 akasema, “Bosi, hii itakugandisha.” Bahati nzuri nilikuwa nimekwisha pima. Chumba cha mama ni mita 3 kwa mita 4, na chumba cha namna hiyo hutoshwa na BTU 9,000. Ubora wa kiyoyozi haumo katika ukubwa. Mashine iliyozidi chumba hupoza upesi ikazimika kabla haijakausha unyevu, na kwetu sisi watu wa pwani unyevu ni nusu ya taabu.

Jambo la pili nililoliuliza ni la inveta. Mashine ya kawaida huwaka kwa nguvu zake zote, ikazimika, ikawaka tena. Yenye inveta hupunguza mwendo kadiri chumba kinavyopoa, kwa hiyo hula umeme kidogo zaidi. La tatu ni gesi iliyomo ndani. Ile ya zamani, R22, huharibu tabaka la ozoni, na ndiyo mojawapo ya gesi zinazoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R410A iliyoifuata haidhuru ozoni, lakini ikivuja hulipasha anga joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito huo huo. R32 ni kama mara 675. Si haba, ila ni nafuu kubwa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kuzipunguza gesi za namna hii pia.

Basi nikachagua ya BTU 9,000, yenye inveta na gesi ya R32. Nikaacha malipo ya awali, nikarudi nyumbani na fundi ili atazame ukuta. Hakuchukua muda. Alionyesha ukuta wa nyuma, katika uchochoro uliopo kati ya jengo letu na la jirani. “Hapa ndipo pazuri. Bomba fupi, gharama ndogo.” Nami nikaafiki.

Mama alikuwa amekaa karibu, anachambua mchele. Akauliza, “Hilo joto likitolewa chumbani mwangu, linapelekwa wapi?”

Fundi akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jibu, na jibu lenyewe lilikuwa chini ya miguu yetu. Chini ya ukuta ule pana dirisha la bibi mmoja mjane, ambaye mama alikuwa ameanza kwenda kuketi naye kila alasiri. Mama ndiye aliyenieleza yale nisiyoyajua kwa miaka yote ya ujirani wetu. Mashine mbili za jengo la pili zilikuwa tayari zinapuliza kuelekea dirishani kwa bibi huyo, naye alikuwa amezoea kulala dirisha limefungwa. Ya tatu ingekuwa yangu.

Msomaji, wengi wetu tunadhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Hakitengenezi. Kazi yake ni kuchukua joto mahali pamoja na kulitua mahali pengine. Gesi iliyomo mabombani hulinyonya joto chumbani, kompresa huikandamiza, nayo hulitema nje. Katika nchi za baridi, kama Norway na Sweden, mashine ya asili hiyo hiyo hufanya kazi kinyume: hulichota joto katika hewa ya nje, hata wakati wa theluji, na kuliingiza ndani ya nyumba. Nasi watu wa magazeti tuna udugu nayo, maana mwaka 1902 Willis Carrier wa Marekani aliibuni mitambo yake ya kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi.

Sasa fanya hesabu. Mashine njema ikitumia sehemu 1 ya umeme huweza kutoa chumbani sehemu 3 za joto. Umeme ule nao hugeuka joto, kwa hiyo nje hutoka sehemu 4. Ubaridi wa mama yangu ungekuwa ni jasho la mama wa mtu mwingine, tena na ziada. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilimwomba fundi aniachie juma moja. Nikaanza kuitazama nyumba yenyewe. Majengo mengi ya zamani ya Upanga yalijengwa miaka ya 1950 na 1960, wakati ambapo wajenzi walitegemea upepo. Waliweka mabaraza, vivuli juu ya madirisha na matofali ya matundu ili hewa ipite. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu mwaka 1990 yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji wamepita, na kila mmoja ameziba tundu lake kwa kuogopa mbu. Juu ya dirisha la mama palikuwa na safu nzima ya matundu yaliyokandikwa saruji.

Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tuliyazibua, tukayawekea wavu. Dirisha la magharibi tulilitundikia mkeka kwa nje, jua la alasiri likome huko huko. Tukafunga pangaboi. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa 8 hutumia uniti 0.6, mashine ya wati 800 ikiwaka muda huo kwa nguvu zote hutumia uniti 6.4. Mwenye kujaza LUKU hahitaji kuelezwa zaidi.

Mama akarudi kulala kitandani. Lakini sitakudanganya, msomaji: si kila usiku. Zilikuwapo siku ambazo upepo ulikufa kabisa, na kipimo chake cha damu kilitutia hofu. Kwa mgonjwa kiyoyozi si anasa, wala sikubaliani na wanaosema kila akinunuaye amekengeuka. Tulikinunua. Tofauti ni kwamba sehemu ya nje tuliifunga upande wa mbele, juu, inakotazama barabara, ambako hakuna dirisha la mtu. Bomba liliongezeka mita 5, na bei ikapanda. Ada ya shule tuliilipa kwa mafungu mawili, na kulieleza jambo hilo kwa mwalimu mkuu hakukuwa kwepesi. Mashine tuliiweka nyuzi 26, pangaboi likiisaidia, kwa zile saa tu alizozihitaji.

Mwezi Mei mama alirudi kwao. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma, matundu yako wazi, mashine tukaizima.

Basi nawe ukipanga kununua, kwanza zibua matundu, weka kivuli, funga pangaboi. Ukiona bado, pima chumba chako kabla ya kwenda dukani, uliza inveta, uliza gesi. Kisha, kabla fundi hajatoboa ukuta, toka nje usimame pale anapotaka kuitundika, utazame ni dirisha la nani lililo mbele yako.