Ukurasa wa saba wa fomu: Binti yetu alipokwenda bweni Wheaton

Fomu ilikuja mwezi wa Machi, kurasa 11. Binti yetu, aliyekuwa akimaliza darasa la 10 hapa Indianapolis, alikuwa amepata nafasi ya kukaa wiki mbili za Julai katika bweni la chuo cha Kikristo cha Wheaton, jimbo la Illinois, asome somo moja la ngazi ya chuo pamoja na wanafunzi wengine wa sekondari. Ukurasa wa saba uliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu. Nikauruka, nikajaza wa nane.

Mzazi mwenzangu, usinihukumu haraka. Mwaka 1994 mdogo wangu alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na nyumba nzima ilihangaika kumwandaa. Nakumbuka tranka la bati lililopakwa rangi ya bluu, kufuli, ndoo, jembe, fagio, ndala, sabuni za mche. Katika fomu ya kujiunga kulikuwa na karatasi ya daktari. Mdogo wangu alikuwa na selimundu, na baba alimwomba mganga wa zahanati aandike tu kwamba kijana ni mzima, maana aliogopa nafasi ingepotea.

Kwa hiyo shuleni hakuna aliyejua. Alikimbia mchakamchaka alfajiri kwenye baridi ya nyanda za juu, akapanga foleni ya maji kama wenzake, na alipolalamika kuwa miguu inauma aliambiwa ni mvivu. Usiku mmoja wa Juni alipewa vidonge vya maumivu akaambiwa alale. Alifikishwa hospitali ya wilaya kesho yake mchana. Shuleni hakurudi tena, na mwaka haukuisha kabla hatujamzika. Baba hakuwahi kulizungumzia jambo lile mpaka naye alipofariki.

Binti yangu ana selimundu kama mjomba wake. Nilikuwa nayajua yote hayo, na bado niliuruka ukurasa wa saba. Nilikuwa na hesabu zangu. Mwaka ule alikuwa hajalazwa hata mara moja, dawa yake ya haidroksiyurea anaimeza kila siku bila kusukumwa, na wiki mbili ni muda mfupi. Niliona wakilisoma jina la ugonjwa watamwona mgonjwa kabla hawajamwona mtoto. Baba naye, nadhani, alipiga hesabu hizohizo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeikuta fomu mezani.

"Mama, hapa umesahau."

"Sijasahau."

Alinitazama kidogo, akavuta kiti, akaandika mwenyewe. Nafasi haikumtosha, akaongeza karatasi. Aliandika kwamba baridi ya ghafla, kiu na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali. Kwamba akisema anaumwa asiulizwe kama ana uhakika. Kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38.3, yaani 101 kwa kipimo cha Wamarekani, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kusubiri dawa ya kushusha homa ifanye kazi. Mwisho akaandika kwamba anapenda kucheza mpira wa wavu na angependa aachwe acheze. Mume wangu aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaniletea kalamu nitie sahihi.

Wiki iliyofuata walitupigia simu. Nilipoiona namba ya Illinois nilijua ni ya kutukatalia. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliuliza mambo mawili tu: kama daktari wake wa damu anaweza kuandika mpango wa matibabu wa ukurasa mmoja, na kama mtoto angependa chumba kilicho karibu na cha mlezi wa bweni.

Tangu hapo maandalizi yakawa kazi ya kweli. Mimi nilikuwa nimezoea kumjazia kisanduku cha dawa kila Jumapili jioni. Aprili nikaacha. Alijaza mwenyewe, akakosea mara moja, akagundua mwenyewe Jumatano. Alijifunza kupiga simu duka la dawa kuomba dawa ijazwe upya, kazi aliyoichukia kuliko kufua, na kupima joto bila kuniita. Kwa wiki mbili za Juni tulifanya jaribio: mimi na baba yake hatukumkumbusha lolote, si maji, si sweta, si kulala. Siku ya nne nilijifungia chooni nisiseme. Alikunywa maji yake.

Begi lenyewe halikutusumbua sana, ila nikupe mambo ambayo orodha haikuyasema vizuri. Magodoro ya mabweni ya vyuo vya Marekani mara nyingi ni marefu kuliko ya nyumbani, kama sentimita 203, kwa hiyo shuka la kawaida la kitanda cha mtu mmoja halifiki. Dawa lazima zibaki kwenye chupa zake zenye lebo ya duka la dawa, hawataki kuziona kwenye mfuko wa nailoni. Kadi ya bima inatolewa nakala pande zote mbili. Fomu ya ridhaa ya matibabu isainiwe mapema, maana mtoto wa miaka 16 akifika hospitali bila mzazi, swali la kwanza litakuwa nani anaruhusu. Na sweta! Nje ni Julai na nyuzi 30, ndani viyoyozi vinapuliza kama friji ya bucha.

Palikuwa pia na barua ya mchungaji. Mchungaji wetu wa ibada ya Kiswahili aliiandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, akianza na salamu kwa chuo kizima. Binti akalazimika kutafsiri sifa zake mwenyewe, na sehemu nyingine alizikata kwa aibu.

Tulisafiri Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Kutoka Indianapolis hadi Wheaton ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa kaskazini kwa barabara ya I-65, mahindi na soya pande zote mbili. Ukishapita Lafayette unaingia katikati ya mitambo ya upepo, mamia kwa mamia, myeupe, mirefu, inazunguka polepole kama haina haraka na mtu. Mbele kidogo unavuka mstari wa majira na simu inarudi nyuma saa moja. Baba yake alisema Mungu ametuongezea saa ya kukaa na mtoto. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa katika saa hiyo ya nyongeza ndipo binti alipotusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwa daktari yeyote. Mwaka 1904 kijana aitwaye Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada akaja Chicago kusomea udaktari wa meno. Desemba ya mwaka huohuo alilazwa hospitali, na daktari mwanafunzi Ernest Irons alipoitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe zilizopinda kama mundu. Mkubwa wake, James Herrick, aliandika habari hizo mwaka 1910, na hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya selimundu katika majarida ya kitabibu ya Magharibi.

"Alimaliza masomo?" nikauliza.

"Alimaliza. Akarudi kwao akafungua kliniki." Akanyamaza kidogo. "Alikufa 1916, ana miaka 32. Lakini alimaliza, mama."

Ugonjwa wenyewe, bila shaka, bibi zetu waliujua kabla ya Herrick, ingawa hawakuwa na hadubini. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kila ukoo ninaoujua una mtoto ambaye alikuwa "mgonjwa mgonjwa" kisha hakutajwa tena.

Wheaton ni mji mdogo, kama kilomita 40 magharibi mwa Chicago, wenye miti mikubwa na reli inayopita kando ya chuo. Treni za abiria za kwenda Chicago zinasimama hapo, na za mizigo zinapita zikipiga honi, kwa hiyo mtoto mwenye usingizi mwepesi apewe vizibo vya masikio. Jengo kuu, Blanchard, ni la mawe, lina mnara kama ngome, na limekaa juu ya kilima kidogo chenye nyasi. Limepewa jina la Jonathan Blanchard, rais wa kwanza wa chuo kilipoanzishwa mwaka 1860, mtu aliyepinga utumwa waziwazi. Chuo kilikuwa kituo kimojawapo cha njia ya siri ya kuwatorosha watumwa kutoka kusini. Nilisimama chini ya mnara ule nikijaribu kuwaza mzazi aliyempitisha mwanawe hapo usiku, bila fomu, bila namba ya simu.

Katika jengo la sayansi kuna mifupa ya mastodoni, ndugu wa zamani wa tembo, aliyechimbuliwa mwaka 1963 katika mji jirani wa Glen Ellyn. Na jambo moja kwa wazazi wanaoogopa vyuo vya Marekani: hapa pombe hairuhusiwi kwa wanafunzi, na dansi ya kwanza iliyoruhusiwa rasmi chuoni ilifanyika mwaka 2003, chuo kikiwa na miaka 143. Mume wangu aliposikia hilo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kabla ya kumpeleka bwenini tulifanya jambo ambalo namshauri kila mzazi mwenye mtoto wa hali hii. Tuliendesha gari hadi Winfield, mji unaofuata, iliko hospitali kubwa ya karibu, tukatafuta mlango wa dharura, tukapima dakika. Binti aliona tunatia chumvi, lakini alikuja.

Bwenini alimkabidhi mlezi karatasi ya daktari mwenyewe. Mimi nilibaki nyuma nimeshika mto. Mlezi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na moyo wangu ulishuka nilipomwona, lakini aliisoma karatasi mpaka mwisho, kisha akauliza, "Maumivu yako huwa yanaanzia wapi?" Sijawahi kusikia mtu asiye daktari akimuuliza hivyo.

Nilianza kulia kwenye korido, mbele ya masanduku ya watu. Mama mmoja aliyekuwa akipanguza vioo alinisikia nikimwambia mume wangu kwa Kiswahili aniache kidogo. Alikuwa Mkongo wa Bukavu. Eneo lile lina familia nyingi za Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Aliweka kitambaa chini akaja. "Usilie, mama. Mutoto atabakia muzuri. Mie niko hapa kila siku, ntamuangalia." Hatukujuana hata majina. Tulirudi Indianapolis usiku huo, na ile saa tuliyoongezewa wakaichukua.

Wiki ya kwanza alituma ujumbe kila jioni, wa maneno matatu au manne. Siku walipopelekwa Chicago ziwani, wenzake waliingia majini na yeye akakaa mchangani na viatu vyake. Waliomuuliza aliwaambia sababu, na wawili wakatoka wakakaa naye. Hilo nililijua baadaye.

Jumanne ya wiki ya pili simu ililia saa tisa na robo usiku. Alikuwa mlezi. Binti ameamka na maumivu ya mapaja, 7 kati ya 10, hana homa, amekunywa maji na dawa zake kama karatasi inavyosema, saa moja imepita na hayajapungua, kwa hiyo wanaelekea Winfield. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, kwa mpangilio uleule tuliouandika. Kisha akampa simu.

"Mama, msije. Niko sawa. Nimewaambia mapema."

Baba yake alikuwa tayari na funguo mkononi. Tuliondoka. Njiani sikusema neno. Nilikuwa nawaza usiku ule wa Juni wa mdogo wangu, na vidonge, na "lala". Tulipokuwa karibu na Lafayette, kukiwa bado giza na taa nyekundu za mitambo ya upepo zikiwaka na kuzima kwa pamoja kule mbele, ujumbe ukaingia: ametundikiwa maji, amepewa dawa ya maumivu, iko 4 sasa. Tuliingia kituo cha mafuta, tukanunua kahawa, tukabishana kwa sauti ya chini kama tugeuze. Hatukugeuza.

Tulipofika alikuwa amesharudishwa bwenini, amelala, na mlezi amelala kwenye kiti pembeni, viatu mguuni. Mchana tulikula naye kwenye bwalo la chuo. Alikuwa amechoka na macho yana rangi ya njano kidogo, lakini alikula wali wote. Baba yake alimwambia kwamba begi linaweza kufungwa kwa dakika kumi, hakuna atakayemlaumu. Alikuwa amebakiza siku tatu na mtihani wa Ijumaa. Alinitazama mimi, si baba yake. Nikamuuliza amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi. Akainua chupa, ya pili, imebaki robo.

Alitusindikiza mpaka kwenye gari, sweta mabegani katika jua la Julai, akatuomba tuondoke kabla ya saa nane kwa sababu ana kipindi na hataki kuchelewa.