Kutoa, Kupa na Kutupa

Katika lugha yetu kitenzi kutoa kina nyuso mbili. Mtu hutoa sadaka, na mtu hutoa taka nje ya nyumba yake. Tendo la kwanza husifiwa na la pili huamrishwa, lakini kitenzi ni kile kile. Kitenzi kupa kina tabia nyingine. Hakikubali kusimama bila ya mpewaji, na sharti mpewaji huyo atajwe ndani ya kitenzi chenyewe: nilimpa, uliwapa, alitupa. Na hapo penye alitupa pana mtego. Mtu akisema, "Alitupa gari," msikilizaji asiyejua habari ilivyoanza hawezi kujua kama sisi tulipewa gari, au kama gari lilitupwa.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi mfano huu kama jambo la sarufi tu. Hivi karibuni umetoka darasani ukanifuata nyumbani kwangu Kinyerezi. Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaishi Uingereza, aliuandikia barua uongozi wa mtaa wetu. Yeye na wenzake wanakusudia kununua gari la wagonjwa lililomaliza muda wake wa kazi huko, waliendeshe katika mashindano ya hisani, wakusanye michango kwa safari hiyo, na mwishowe walikabidhi kwetu. Mwenyekiti wa mtaa aliniletea barua akasema, "Mwalimu, maneno ni kazi yako. Tuandikie jibu la shukrani." Niliipokea kazi, nikaona kuwa si nyepesi kama alivyodhani.

Desturi hiyo si ngeni duniani. Mwaka 2004 vijana wachache wa Uingereza walianzisha safari ya magari madogo na makuukuu kutoka kwao hadi Mongolia, ikajulikana kwa jina la Mongol Rally. Kila kundi lilitakiwa kuchangisha fedha za hisani, na miongoni mwa magari ya miaka iliyofuata yalikuwamo ya wagonjwa na ya zimamoto. Mwaka 2005 ilianza nyingine kutoka Budapest kwenda Bamako, nchini Mali. Nayo pia imekuwa ikifuatana na misaada kwa watu wa Afrika Magharibi. Mambo haya yana furaha ndani yake, na sioni haya kuyasifu. Kijana anayetumia likizo yake kuvuka majangwa ili mgonjwa asiyemjua apate kitanda cha magurudumu ana moyo kuliko kijana anayeitumia kulala. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Wala sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kujifanya wageni wa mashindano ya magari. Mwaka 1953 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakapewa jina kwa neno letu wenyewe, safari. Madereva walikwama katika tope, na wanavijiji wakawasukuma. Aliyesukuma hakuandikwa katika orodha ya washindi, lakini pasipo yeye orodha ingekuwa fupi.

Sasa niseme habari za Kinyerezi. Ni kata ya Ilala, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Hapa ipo mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi. Mmoja, Kinyerezi II, ulizinduliwa mwaka 2018 ukiwa na uwezo wa megawati 240. Umeme huo husafiri mbali, na mgonjwa wetu aliyezidiwa naye husafiri, maana hospitali za Amana na Muhimbili ziko upande wa mjini, na kati yetu na mjini pana foleni, mabonde na mvua. Usiku mmoja wa masika binti wa jirani yangu alishikwa na uchungu. Tulimpakia katika bajaji. Ikakwama mteremkoni, tukaisukuma wanaume wanne, hata tukapata gari la muuza mkaa. Mama alisalimika. Mtoto hakusalimika. Sisemi kuwa gari la wagonjwa lingemwokoa. Hilo ni la Mungu na la waganga kulijua. Nasema tu kwamba tangu usiku ule sina ulimi wa kumdharau mtu asemaye ataleta gari.

Barua iliposomwa mkutanoni watu walipiga makofi. Baada ya makofi akasimama bibi mmoja, muuguzi mstaafu, akasema, "Wanangu, gari nimelipenda. Nauliza neno moja: atakayeliendesha saa nane za usiku ni nani, na mshahara wake umo mfukoni mwa nani?" Mkutano ukanyamaza. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi, akajua kwamba gari la wagonjwa ni dereva aliye macho, mafuta yaliyomo tangini, mtungi wa hewa uliojaa, muuguzi anayejua kuutumia, na simu inayopokelewa. Bati na magurudumu ni sehemu ya mwisho ya orodha hiyo, na ndiyo sehemu pekee inayopigwa picha.

Yapo na mambo ya ufundi. Uingereza na Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, basi usukani wa gari lao hautatusumbua; gari la Ujerumani au Ufaransa usukani wake uko upande mwingine, na dereva wetu atalipita lori bila ya kuona mbele. Magari mapya ya Ulaya yaliundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, hali kikomo kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Chujio la moshi la gari la namna hiyo laweza kuziba, na kipuri chake kisipatikane katika maduka ya Kariakoo. Njia nayo ina shida yake: tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, barabara ya kushuka kutoka Misri haipitiki kwa salama, hivyo gari litamaliza safari yake melini na kungoja bandarini ushuru, ukaguzi, usajili na bima. Hata Mongolia, ambako desturi hii ilipata sifa, kwa miaka kadhaa mwisho wa safari ulihamishiwa Ulan-Ude, nchini Urusi, wala magari hayakuachwa tena kwa wenyeji.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vifaa vya tiba vya msaada mwaka 2000, na shina lake ni mambo manne: kifaa kimfae mpokeaji kwa kadiri kubwa iwezekanavyo, matakwa na mamlaka ya mpokeaji yaheshimiwe, kisichofaa kwa mtoaji kisihesabiwe kuwa chafaa kwa mpokeaji, na pande mbili zisemezane kabla ya kitu kuondoka. Kwa maoni yangu, huo ndio ufafanuzi wa kitenzi kupa. Mpewaji yumo ndani ya tendo tangu mwanzo, hakutiwa mwishoni ili apokee ufunguo.

Tena tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 2013, katika Sengerema na Shinyanga, ulianza mpango uitwao m-mama. Mama mjamzito au mzazi aliyepata dharura hupigiwa simu namba 115 bila ya malipo. Gari la wagonjwa likiwapo huitwa. Lisipokuwapo huitwa dereva wa kawaida wa jirani, aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa nauli yake kwa simu. Mwaka 2022 mpango huo ulizinduliwa kwa nchi nzima. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa mwaka 2022. Sababu za nafuu hiyo ni nyingi, wala si haki kuipa sababu moja sifa yote. Lakini fikra ya mpango ule yafaa kutazamwa. Haukuanza kwa kuuliza ni gari gani limezidi mahali pengine. Ulianza kwa kuuliza mama yuko wapi, na ni nani aliye karibu naye mwenye gari.

Basi nikaandika jibu, nikalisoma mkutanoni likakubaliwa. Tulimshukuru kijana wetu kwa kutukumbuka, kisha tukamweleza mambo matatu. Kwanza, gari likija lisikabidhiwe mtaa, bali halmashauri, iliyo na madereva na bajeti, kwa mapatano yaliyoandikwa kwamba litalala Kinyerezi. Pili, asinunue gari lolote kabla fundi wa hapa hajalitaja analoweza kulitengeneza. Tatu, sehemu ya michango iwekwe kwa mafuta na matairi ya miaka mitatu. Na ikiwa fedha hazitatosha vyote viwili, aache gari alete mafuta, nasi tutayatia katika magari tuliyo nayo. Sisi kwa upande wetu tulianza mchango wa kila mwezi, kidogo kwa kila nyumba. Jirani yangu, babu wa mtoto yule, alitoa wa kwanza.

Wapo waliosema kuwa tumejibu kwa kiburi, na kwamba mwombaji hachagui. Nawajibu kwamba sisi hatukuomba. Tuliulizwa, na anayeulizwa ana wajibu wa kusema kweli. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, na aliyemficha nduguye hali ya nyumba yake amemfanya atoe mali bure. Jibu la kijana limekuja wiki iliyopita. Hakuuliza habari za sherehe. Ameuliza jina la fundi.