Safari ya Saa Moja na Nusu: Watoto Wasikilize Nini Angani?



Kila ikaribiapo likizo ya Agosti, swali hili hurudi katika nyumba zetu mbili: watoto watazame nini ndani ya ndege? Sisi ni wake wa ndugu wawili, wazaliwa wa Mombasa tulioolewa na wana wa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, na mavyaa wetu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri na afya, angali huko akitungoja. Mara hii mjadala ulipamba moto kuliko kawaida, kwani shemeji yetu mmoja alijitolea kumnunulia kila mtoto tableti yake. Watoto ni watano. Ukarimu wa namna hiyo si mwepesi kuukataa. Tuliukataa kwa heshima, na baadhi ya jamaa wametutaka tueleze sababu.

Tuanze na ndege zenyewe. Aliyezoea kusafiri kwenda Ghuba huenda akadhani kila kiti cha ndege kina skrini. Emirates ilianza kuziweka katika viti vya madaraja yote mwaka 1992, na katika ndege za Saudia abiria husikilizishwa dua ya safari kabla ya kuruka, jambo linalotuliza moyo kwelikweli. Lakini hizo ni safari za masafa marefu. Ndege za ndani, kama zile Dash 8-400 za Jambojet zenye viti 78, hazina skrini mbele ya abiria. Si uchoyo. Skrini na nyaya zake zina uzito, uzito hula mafuta, na safari fupi haiwezi kulipia gharama hiyo. Yapo mashirika duniani yanayofunga kisanduku cha kurushia filamu kwa waifai hadi kwenye simu ya abiria, lakini hata huko ni lazima mtu aje na chombo chake. Basi uamuzi umerejea mikononi mwa mzazi, na hufanywa nyumbani kabla mabegi hayajafungwa.

Kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa ndege isiyopitia Nairobi ni kiasi cha saa moja na nusu. Ondoa muda wa kupaa, ondoa wa kutua, ondoa wa kugawa maji na kumpeleka mdogo msalani; hubaki chini ya saa nzima. Filamu ya watoto haiishi kwa muda huo. Mtoto hukatizwa katikati, hushuka amenuna, na humalizia utamu wake ndani ya gari, kutoka Ahero kupitia Katito mpaka mlangoni kwa nyanya yake. Huingia kwa bibi mzee na vidude bado viko masikioni.

Hapo ndipo penye uzito. Mavyaa wetu ni msemaji wa Kijaluo. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kununulia omena na kuulizia bei. Wanetu wanajua Kiswahili na Kiingereza, wanasoma Juzuu Amma vizuri alhamdulillahi, lakini lugha ya baba zao ni ya kubahatisha. Siku za kukaa naye ni tano au sita kwa mwaka. Umri wake hatuuhesabu kwa sauti.

Kwa hivyo tulimwomba atusaidie kuchagua burudani ya ndege, naye akacheka sana kuambiwa kwamba yeye ndiye burudani. Mjukuu anayeishi naye alimrekodi kwa simu. Kwanza salamu: oyawore ya asubuhi, erokamano ya kushukuru, na namna ya kumwita yeye mwenyewe, dani. Kisha akaanza kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa la volkeno lililo karibu na Kendu Bay, ambalo pengine heroe hutua kandokando yake. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale, na usiku mmoja wa ngoma na karamu bibi kizee alifika akiomba pa kujihifadhi, wakamfukuza. Baba zao walitafsiri, sisi tukaandika maneno magumu kwenye karatasi.

Sauti hizo, pamoja na kisomo cha Qur'ani, ndizo zilizowekwa katika simu mbili tu, zimekatwa mtandao. Wanasikiliza kwa zamu. Kuhusu vifaa vya masikioni tuna neno moja kwa akina mama: ndege za pangaboi zina kelele, na mtoto hupandisha sauti ili aishinde kelele hiyo. Tafuteni vile vinavyofunika sikio lote, sauti ibaki ya chini. Na ndege inapoanza kushuka vivueni, mtoto awe macho, apewe peremende au titi, kwani kumeza ndiko kunakozibua masikio.

Zaidi ya hapo lipo dirisha, ambalo halina chaji ya kuisha. Mabawa ya Dash 8 yako juu, hayazibi ardhi, na mbingu ikiwa safi Kilimanjaro huonekana upande wa kushoto. Shemeji mwingine anakaa Migori, na aendaye kwake aweza kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Lichota. Katika Cessna Caravan rubani humwona mgongo wake na mikono yake kazini; mwanetu wa miaka minane hakuuliza simu hata mara moja, tangu Bonde la Ufa mpaka mashamba ya miwa. (Alituuliza sisi, bila kupumua, mambo ambayo hakuna mama anayeyajua kuhusu injini.)

Dua ya safari twaisoma pamoja magurudumu yanapoanza kuzunguka, mkubwa akiongoza. Iko katika Suratu Zukhruf, na mdogo wetu wa miaka minne ameshaihifadhi nusu.

Shemeji wa tableti amekubali, shingo upande, kuzigeuza fedha zile kuwa nauli ya mtoto wa sita, binti wa wifi yetu. Na wiki iliyopita mavyaa ameleta sehemu ya pili ya kisa cha Simbi. Ameishia pale mwanamke mmoja wa kijijini anapomfungulia yule bibi mlango. Mwisho amekataa kuusema katika simu. Anayetaka kuujua, amesema, na aje Kendu Bay.